Siri ya Kaku Ndani ya Mchezo Wetu

Rafiki yangu na mimi tulikutana darasa la pili, katika shule ya masista, na kwa karibu miaka ishirini hapakuwa na jambo langu asilolijua. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye kichwa cha hesabu. Mimi nilikuwa mfupi, msemaji, na mkono wangu haukutulia: nilichora pembeni mwa madaftari, nilichora kwenye mifuko mitupu ya unga, nilichora kwa kidole kwenye vumbi la gari la padri. Yeye akaenda Lubumbashi kusomea kompyuta. Mimi nikabaki Likasi, nikapata kazi katika duka la fotokopi pale Kikula, karibu na soko, nikiwachapia watu barua, nikiwapiga picha za vitambulisho na kuwatengenezea mialiko ya harusi.

Aliporudi na diploma yake hakupata kazi. Alikuja dukani kila siku, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine, na wateja wakipungua na umeme ukiwepo, tulicheza. Mchezo mmoja kutoka ng'ambo ulitupendeza kuliko yote. Mtu wake alikuwa muuaji wa siri katika mji wa zamani, mji wa makanisa na masoko na kuta ndefu, na ungeweza kwenda popote ndani ya mji huo bila kuulizwa: kupanda mapaa, kushuka visimani, kujichanganya na watu wanaokwenda kusali ili askari wasikutambue. Kompyuta ya duka ilikuwa dhaifu, picha zilikwama kila baada ya hatua chache, lakini hatukujali. Rafiki yangu alipenda namna askari walivyopangiwa mizunguko yao. Mimi nilipenda madirisha. Nilimwomba asimamishe mchezo ili niyachore.

Aliyetupa wazo la kutengeneza mchezo wetu ni bibi yangu, naye hakujua kwamba anatupa kitu. Tulimwita Kaku, kama watu wa Kasai wanavyomwita bibi, maana babu aliletwa huku kutoka Kasai akiwa kijana, akaandikwa kazi mgodini, na Kaku akamfuata akiwa bibi harusi. Tangu mama yangu alipofariki tunaishi wawili, mimi na yeye. Siku hiyo alitoka sokoni, akaingia dukani kupumzisha miguu, akatukuta tunacheza. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza yule mtu anamkimbia nani. Rafiki yangu akamweleza habari za askari na mapaa. Kaku akacheka, akasema yule mtu hajui kujificha.

"Shiye tulijifichaka vizuri kuliko ule," alisema. "Na tulikuwa na mutoto ku mugongo."

Tulimpa kiti, akatusimulia kambi. Nilikuwa nimezisikia habari hizo tangu utotoni vipande vipande, lakini siku hiyo nilizisikia kwa masikio ya rafiki yangu, ambaye alikuwa ameegemea mbele, kinywa wazi. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa mistari ya nyumba za matofali zilizofanana kama sahani. Lango lilikuwa moja. Polisi wa kambi walizunguka mchana kutwa, na kazi yao kubwa haikuwa kutazama bali kunusa, kwa sababu pombe ya kuchemsha, ile tunayoiita lutuku, ilikuwa imekatazwa. Mwanamke akikamatwa nayo mara ya kwanza, mume wake aliandikwa onyo. Akikamatwa tena, mume alifukuzwa kazi, na nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Wanawake waliichemsha vilevile. Bomba la kupitishia mvuke lilitengenezwa kwa shaba, na waume walilitoa karakana wakiwa wamelizungusha kiunoni chini ya shati. Walichemsha siku ya kufua, ili moshi uonekane ni wa maji ya nguo. Mtungi waliuzika chini ya pipa la muhogo uliolowekwa, kwa sababu muhogo ukikaa siku nne majini unanuka kiasi kwamba polisi mwenyewe anageuza uso na kupita.

Kaku alipoondoka rafiki yangu alizima ule mchezo wa ng'ambo. Alisema kwamba huu wa Kaku ndio mchezo, na kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuutengeneza.

Ulituchukua miaka mitatu. Asubuhi kabla ya kazi nilikaa na Kaku uani, simu yangu ikirekodi, naye akichora kambi ardhini kwa kijiti: hapa bomba la maji, hapa kantini, hapa shule ya wavulana, hapa nyumba ya kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi. Mimi nilichora kwenye karatasi, kila nyumba, kila pipa, kila kanga ya mwanamke anayekwenda kuteka maji, kisha nikaziingiza karatasi hizo kwenye kompyuta kwa mashine ya duka, kwa ruhusa ya bosi. Rafiki yangu aliandika programu. Mtu wetu alikuwa mwanamke mmoja mwenye mtungi. Angeweza kutembea kambi nzima kuanzia alfajiri hadi kengele ya jioni, kupita uani kwa watu, kuingia kanisani, kusimama kwenye foleni ya maji akawa mmoja wa wengi. Polisi hawakumwona tu; walimnusa. Rafiki yangu alitengeneza harufu kama duara lisiloonekana linalosukumwa na upepo, na mimi nilichora majani ya mipapai yakiinama, ili mchezaji ajue upepo unaelekea wapi na apitie upande mwingine. Siku lile duara lilipofanya kazi kwa mara ya kwanza tulikumbatiana kati ya mashine mbili za fotokopi, mteja akitushangaa.

Jambo moja tu lilimsumbua rafiki yangu. Alisema mchezo hauna uzito. Mwanamke anakimbia, anajificha, anafikisha mtungi, halafu? Nilimjibu kwamba hayo ndiyo maisha yao yalivyokuwa. Wiki iliyofuata aliuliza tena.

Sasa lazima nieleze kuhusu rafiki wa Kaku. Ni mwanamke wa umri wake, aliyeishi nyumba ya tatu katika mstari wao kambini, na ndiye aliyemfundisha Kaku kuchemsha alipofika bila kujua kitu. Ana jina la utani ambalo wazee wa Kikula wanamwita, na silitaji hapa. Zamani sana polisi waliingia kwake wakafukua mtungi wake moja kwa moja, bila kutafuta. Mume wake alikuwa tayari ameandikwa mara moja; akafukuzwa. Wakapakia vitanda na masufuria kwenye mkokoteni wakatoka langoni mchana, kambi ikiwatazama. Wakajijengea nyumba ya matofali mabichi hapa Kikula. Miaka mingi baadaye babu alipostaafu, na sisi tukatakiwa kuondoka kambini, ni yeye aliyemtafutia Kaku kiwanja, njia ya pili kutoka kwake. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu. Walikaa ukutani kwenye kivuli, wakimenya karanga, wakisemezana kwa Kiluba na Kiswahili, wakicheka mambo ambayo sisi wengine hatukuyajua. Kwenye rekodi zangu Kaku anamtaja kila mara, kwa lile jina lake la utani, na kila akimtaja sauti yake inapata uchangamfu.

Mwaka wa tatu wa kazi yetu Kaku aliugua malaria vibaya, akalazwa. Alipotoka hospitali alikuwa mwepesi kama mtoto. Nilikuwa nikimsuka nywele uani, nyuma ya nyumba, akiwa amekaa kati ya magoti yangu nami siuoni uso wake, aliposema kwamba kuna kitu hajawahi kumwambia mtu, hata babu, hata padri.

Alisema kwamba siku moja polisi wa kambi alikuja mlangoni kwake, akiwa ameshika bomba la shaba alilolikuta nyuma ya choo. Lilikuwa bomba la Kaku. Babu alikuwa tayari ameandikwa. Polisi hakupaza sauti. Alimwambia: nionyeshe nyumba nyingine, na yako sitaiona. Kaku alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alinyoosha mkono kuelekea nyumba ya tatu, akasema chini ya pipa.

Niliacha kusuka. Kaku akasema niendelee.

"Hii moja usiiweke ku mashini yenu," aliniambia. "Zile zingine zote weka. Hii hapana."

Nilimwahidi. Na ahadi hiyo niliitunza kwa upande wa mchezo: sikuichora. Lakini nilishindwa kabisa kuichora nyumba ya tatu. Kila nilipoanza mlango wake mkono ulisita. Nilizimaliza nyumba zote za mstari ule, pakabaki pengo, na rafiki yangu akaniuliza kwa nini. Nikazungusha maneno. Akaniuliza tena siku nyingine, kwa upole, akiwa ameweka kalamu chini. Nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Hakunilazimisha. Nilikuwa nimebeba kitu kizito, na tangu utoto kila kilichonilemea nilikipeleka kwake. Nililia kidogo. Alinishika bega akasema, "Nimesikia. Inaishia hapa." Nilirudi nyumbani nimepumua.

Miezi michache baadaye aliniambia kwamba Lubumbashi kutakuwa na maonyesho ya michezo ya kompyuta iliyotengenezwa na vijana wa Kongo, na kwamba ameuandikisha mchezo wetu. Nilitaka kwenda, lakini Kaku alikuwa bado dhaifu na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Rafiki yangu akasema nisijali, atawakilisha wote wawili. Nilimpigia pasi koti lake la bluu mwenyewe. Alipanda basi la asubuhi, na kwa siku nne alinijibu ujumbe kwa maneno mawili matatu: mambo ni mengi, mtandao ni mbaya, nitakueleza.

Siku ya tano, Ijumaa, mwenzetu mmoja wa zamani wa darasani alinitumia video kwenye simu, na chini yake pongezi kwa rafiki yangu. Niliifungua dukani, nimesimama. Rafiki yangu alikuwa jukwaani na koti la bluu, na nyuma yake, kubwa kama ukuta wa kanisa, ilikuwa kambi yangu. Mipapai yangu. Foleni yangu ya maji. Alisema kwa Kifaransa kizuri kwamba huu ni mchezo wake, na kwamba umetokana na historia ya familia. Hakusema familia ya nani. Kisha akaonyesha sehemu ambayo sikuwahi kuiona. Polisi alikuwa amesimama mlangoni na bomba mkononi, na maneno yakatokea chini yake: nionyeshe nyumba nyingine, na yako sitaiona. Zikawaka nyumba tatu za kuchagua. Mbili nilikuwa nimezichora mimi. Ya tatu alikuwa ameichora mwenyewe, vibaya, mlango mkubwa kupita kiasi, na juu ya mlango aliandika jina la mwenye nyumba. Lilikuwa lile jina la utani, kama alivyolisikia kwenye rekodi zangu.

Kwenye video ukumbi mzima ulinyamaza. Hata mtu aliyeshika simu hakukohoa. Halafu wakapiga makofi kwa muda mrefu, na mtu mmoja mzee akapanda jukwaani kumwambia kwamba amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma kutengeneza michezo.

Nilimpigia simu. Haikupokelewa. Nilimwandikia neno moja tu, kwa nini, na alama zikaonyesha amelisoma.

Ningekuwa jasiri ningemwambia Kaku siku ile ile. Sikuwa. Nilijiambia kwamba wazee hawatazami video, kwamba Lubumbashi ni mbali, kwamba jina la utani si kitu. Ijumaa ikapita, Jumamosi nikafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Jumapili baada ya misa rafiki wa Kaku alikuja kama kawaida, lakini hakuja peke yake. Alikuwa na mjukuu wake, mwanamke wa umri wangu, muuza vitenge sokoni, naye alikuwa ameshika simu yake mbele kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Walikataa viti. Mjukuu hakunitazama hata kidogo. Aliifungua ile video, akaiweka mbele ya uso wa Kaku, na uani kwetu ikasikika sauti ya rafiki yangu ikieleza, na baada yake kile kimya cha ukumbi.

Kaku alikuwa akichambua maharage. Alitazama mpaka mwisho. Mikono yake ilibaki ndani ya ungo.

Rafiki yake akauliza taratibu, "Ilikuwa ni weye?"

Kaku akajibu, "Ilikuwa ni minye."

Nilitegemea kelele. Hazikuja. Yule mama mzee alishika ukuta, akasimama akiwa ameinamisha kichwa, na alipoanza kusema hakusema habari za mkokoteni wala za mume wake. Alisema kwamba miaka yote hiyo alijua ni mke wa kapita aliyemchongea kwa polisi. Alikuwa na hakika. Mke wa kapita alimsalimia sokoni, hakumjibu. Alipokufa, mwanawe alikuja mwenyewe kumwomba aende matangani, kwa sababu marehemu alimtaja kabla ya kufa, akishangaa amemkosea nini.

"Nilimufungia mulango," alisema. "Mutoto wa mufu. Nilimufungia mulango, sababu yako."

Wale wawili wakageuka wakaondoka, mjukuu amemshika bibi yake mkono, wakipita polepole kwenye mawe ya njia yetu. Majirani walikuwa wakirudi kutoka makanisani na waliwasalimia, nao walijibu salamu zote.

Baadaye Kaku aliniita. Aliniuliza yale maneno yaliingiaje kwenye mashini. Nilipiga magoti nikamweleza yote: pengo la nyumba ya tatu, swali la rafiki yangu, machozi yangu. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimelemewa. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wanaomwelezea njia.

"Ule polisi alikuya kwangu na bomba ku mukono," alisema. "Weye, nani alikuya kwako? Na nini ku mukono?"

Kwa majuma matatu hakula nilichopika. Alijipikia mwenyewe uji, akiwa ameshikilia ukuta, na mimi nikikaa mlangoni bila kuthubutu kumsaidia.

Rafiki yangu alirudi Likasi kukusanya vitu vyake. Nilimkuta kwa wazazi wake, kwenye baraza, mchana, akipanga nguo ndani ya sanduku jipya. Mama yake alinikaribisha kwa furaha, akaniletea soda, akasema tumeutukuza mji wetu. Alipoingia ndani tulibaki tukitazamana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, kwa kuomba msamaha, hata kwa uongo. Nilikuwa nimeyapanga majibu yangu njia nzima.

Hakulia wala hakudanganya. Aliniambia kwamba bila ile sehemu mchezo ulikuwa mwanamke anayekimbia na mtungi, na kwamba mimi mwenyewe nilijua hivyo. Aliniuliza kama niliona watu walivyonyamaza. Nilikuwa nimeona. Alisema kwamba jina langu limo mwishoni, kwenye orodha ya waliotengeneza, ila waandaaji walikatisha kwa sababu ya muda. Sijui kama ni kweli. Niliuliza kuhusu lile neno, historia ya familia, akasema ulimi uliteleza kwa hofu.

"Ulisema inaishia hapa," nikamwambia. "Ulinishika bega."

"Nilijua ningekuuliza ungesema hapana," alijibu. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Alilisema bila ukali, akikunja blauzi. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza: kwamba alikuwa amelifikiria, siku baada ya siku, akiwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki kando yangu, akila mihogo yangu ya kuchoma. Wakati mimi nachora nyumba za mstari wa nne, yeye alikuwa nyuma ya mgongo wangu anaichora ya tatu. Nilimweleza habari za Kaku na rafiki yake, na mke wa kapita. Hapo uso wake ulibadilika. Alikaa juu ya kitanda cha kamba, akasema kwamba lile jina alidhani ni jina tu, hakujua kwamba yule mama yu hai, hakujua kwamba ndiye yule yule wa karanga za Jumapili. Alikuwa amekula karanga hizo naye mara nyingi. Ila kwetu nyumbani tulimwita mama tu, kwa heshima, na huenda kwa kweli hakuunganisha. Aliahidi kulifuta jina. Sehemu yenyewe, alisema, haiwezi kutoka tena. Mchezo umeshatumwa, watu wameshaupakua.

Aliniwekea nakala kwenye kifaa kidogo cha kompyuta, akanisindikiza hadi njiani. Tuliagana kwa kupeana mikono, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tufahamiane.

Nakala ile nilikaa nayo karibu mwezi. Kisha mchana mmoja, duka likiwa tupu, niliufungua mchezo nikaucheza. Ningependa kusema kwamba ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri. Upepo uligeuka pale tulipopanga ugeuke, wanawake kwenye foleni walinifungulia nafasi, na sauti ya Kaku ilicheka mwanzoni kabisa, kicheko kama kile cha siku ya kwanza dukani. Nilifika mlangoni na yule polisi. Nyumba tatu zikawaka. Nilijaribu kurudi nyuma, mchezo haukuruhusu. Nilijaribu kusubiri, polisi akasubiri pia. Nilikuwa bado nimekaa hivyo mteja alipoingia na kadi yake ya mpiga kura kutaka nakala mbili, nikauzima.

Kaku hakuacha kwenda kwa rafiki yake. Jumapili tatu mfululizo alinitaka nimpeleke mpaka kwenye lango lake la bati. Alibisha hodi, akasimama. Ndani tulisikia mtu akitembea, sufuria ikifunikwa. Hakuna aliyefungua. Jumapili ya nne tulisikia kanisani kwamba misa ya katikati ya wiki itakuwa ya kumwombea marehemu mke wa kapita, kwa nia iliyotolewa na yule mama. Kaku akasema tutakwenda. Tulikaa benchi la mwisho. Padri alipotaja jina la marehemu, mtoto wake, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, alikuwa amekaa mbele kabisa, na kando yake alikaa yule mama ambaye zamani alimfungia mlango. Watu wote walipokaa Kaku alibaki amesimama. Nilimvuta nguo kidogo, hakukaa mpaka komunyo.

Nje rafiki yake alipita karibu yetu. Kaku alimsalimia kwa lile jina la utani, polepole. Yeye akaitikia, "Jambo, mama," kama unavyomwitikia mtu usiyemfahamu, akaendelea. Kabla ya mvua kuanza alihamia Kambove kwa mwanawe. Yule mjukuu muuza vitenge bado yuko sokoni, na nikihitaji kitambaa ninazunguka upande wa pili.

Rafiki yangu huniandikia mara moja moja kutoka huko aliko. Jina alilifuta, hilo alilitimiza. Anasema wanataka toleo jipya la mchezo, lenye kambi kubwa zaidi, na hakuna anayechora kama mimi. Nasoma, sijibu. Si hasira tena. Hasira ingekuwa rahisi. Siku nyingine likinitokea jambo la kuchekesha dukani kidole kinatafuta namba yake chenyewe, kisha nakumbuka.

Kaku alianza tena kula ninachopika, siku moja, bila kusema neno, akavuta sahani. Lakini hadithi za kambi ziliisha. Sikuziomba tena. Basi nilishangaa juzi, tukimenya maharage, aliponiuliza kama katika ule mchezo yule mwanamke anaweza kumkatalia polisi. Nilimwambia hapana, kuna nyumba tatu tu, lazima uchague moja.

"Ni bongo," alisema, yaani ni uongo. Aliendelea kumenya. "Ule polisi alisimama ku mulango wangu muda murefu. Aliwasha sigara, akaivuta mpaka mwisho. Minye nilikuwa na muda."

Nilimuuliza, kwa kuogopa, kama ninaweza kuandika haya yote siku moja, bila majina. Akasema niandike, lakini na hilo la sigara niliandike pia.